Barua ya wazi kwa wakuu wa filamu Uswisi: waigizaji wenu wa kike mnawaona wakishaondoka au wakishazeeka

Biel, Uswisi

Kwa waheshimiwa wote mnaosimamia filamu, televisheni na majukwaa ya maigizo Uswisi, wa serikali kuu kule Bern na wa kantoni (majimbo) zote 26,

YAH: MAISHA NA KAZI ZA WAIGIZAJI WA KIKE WA USWISI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Salaam nyingi na heshima zenu mbele. Mimi ni mama wa Kitanga, nimeishi hapa Biel miaka mingi, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee na jioni nikirudi naangalia filamu. Filamu za Uswisi ndizo zilizonifundisha Kijerumani cha mtaani, kile ambacho darasani hawakigusi kabisa, na waigizaji wa kike wa nchi hii nawajua vizuri, nani kazaliwa wapi, nani kaanzia jukwaa gani, nani kaenda Paris au Berlin na hakurudi. Kwa hiyo msije mkasema huyu mgeni haya yanamhusu nini. Kodi nalipa, ada ya redio na tivii faranga 335 kwa mwaka nalipa, na kuuliza ni haki yangu.

Nieleze kwanza kwa nini barua hii ni ya wazi na kwa nini iko kwa Kiswahili. Nilianza kistaarabu, kimya kimya. Kuna ofisi moja inayohusika na mambo ya filamu, jina nalihifadhi, niliwaandikia kwa Kijerumani kilichonyooka, binti yangu akakipitia, nikawaambia sisi ni kikundi cha wanawake tunaoongea Kiswahili, kuna wa Mombasa, wa Bukavu, wa Bujumbura na sisi wa Tanzania, tunataka kuandaa jioni za filamu za waigizaji wa kike wa Uswisi, tunaomba mwongozo wa vibali na kama kuna kopi zenye maandishi ya Kifaransa chini kwa ajili ya wale wasiojua Kijerumani. Humo humo nikaweka na maswali yangu kuhusu maisha ya hawa wanawake. Likaja jibu la mashine. Nikaandika tena nikaambiwa niulize kwingine, kwingine wakanirudisha kulekule. Mwishowe akanipigia mtu, mpole tu, akasema mama, hayo ni mambo ya zamani, nani atayaangalia. Nikaona basi, kama kwa faragha hamnisikii nitasema mbele za watu, na nitasema kwa lugha ninayoimudu, wenzangu wasome na wao washike upande. Mkitaka tafsiri mnao wafasiri wa kutosha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Muigizaji wa kike wa Uswisi lazima ahame ndipo mumuone

Chukueni Maria Schell. Kazaliwa Vienna 1926, baba Mswisi mshairi, mama muigizaji, 1938 Hitler alipoimeza Austria familia ikakimbilia Zürich. Filamu yake ya kwanza ni ya hapahapa, Steibruch ya 1942, binti wa miaka 16 hivi, bado anaitwa Gritli Schell. Lakini makubwa yote aliyafanyia nje, tamasha la filamu la Cannes wakamtaja kwa heshima 1954 kwa Die letzte Brücke, Venice wakampa tuzo ya muigizaji bora wa kike 1956 kwa Gervaise, na 1958 Hollywood wakamsimamisha na Yul Brynner kwenye The Brothers Karamazov. Njooni kwa Liselotte Pulver, mtoto wa Bern kabisa, kazaliwa 1929, alisomeshwa biashara kwanza ndipo akaingia kwenye uigizaji. Uli der Knecht ya 1954 aliifanya hapa na mpaka leo wazee ninaowahudumia wanaikumbuka, ila kilichompa jina kilikuwa Ujerumani, Ich denke oft an Piroschka 1955, Das Wirtshaus im Spessart 1958, halafu muongozaji wa Hollywood, Billy Wilder, akamchukua kwenye One, Two, Three 1961. Kile kicheko chake Wajerumani walikifanya chao.

Marthe Keller wa Basel, kazaliwa 1945, alikuwa anacheza baleti, akiwa na miaka 16 akaumia kwenye skii na baleti ikaishia hapo. Mwanamke huyu akajijenga upya kama muigizaji, akaenda Ujerumani, akaenda Ufaransa, 1976 yuko Marathon Man na Dustin Hoffman na anatajwa kuwania tuzo ya Golden Globe, 2001 anatajwa kuwania Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani kule Broadway, na 2004 anaongoza opera ya Don Giovanni pale Metropolitan New York. Waigizaji wangapi duniani wana historia ya namna hii? Waulizeni vijana wa shule hapa Biel Marthe Keller ni nani. Mimi nimewauliza.

Na Ursula Andress wa Ostermundigen, hapo pembeni tu ya Bern. Huyu dunia nzima inamjua kwa dakika moja, ile filamu ya James Bond, Dr. No ya 1962, anatoka baharini kisu kiunoni na makombe mkononi. Wengi hawajui kwamba sauti wanayoisikia siyo yake. Lafudhi yake haikutakiwa, akawekwa mwanamke mwingine, Nikki van der Zyl, aseme maneno yote. Yaani msichana wa Bern akawa staa mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka nchi hii, mwili wake ukachukuliwa na sauti ikaachwa. Na 2001 ile bikini ikapigwa mnada London kwa makumi ya maelfu ya paundi na magazeti ya hapa yakafurahia. Mimi ningefurahi zaidi kama mngejenga mahali ambapo binti mwenye lafudhi ya Bern anaongea kwa sauti yake na watu wananunua tiketi.

Msiseme ni mambo ya kale. Ursina Lardi kazaliwa Samedan kule Graubünden, yuko jumba la maigizo la Schaubühne, Berlin. Carla Juri wa Ticino, wengi wamemuona kwa mara ya kwanza Feuchtgebiete 2013, filamu ya Kijerumani, halafu Blade Runner 2049. Ella Rumpf kakulia Zürich, tuzo ya filamu ya César ya muigizaji chipukizi 2024 kapewa na Wafaransa. Luna Wedler, naye wa Zürich, 2025 Venice wakampa tuzo ya Marcello Mastroianni kwa filamu iliyoongozwa na mama wa Kihungari, Ildikó Enyedi. Kila mara ikitokea hivyo nyie ndio wa kwanza kutuma pongezi na bendera nyekundu yenye msalaba mweupe. Sikatai mtu kusafiri, mimi mwenyewe nimesafiri, ila kwetu tunasema mcheza kwao hutunzwa, na hapa naona mcheza kwao anasubirishwa mpaka wa nje wamtunze kwanza.

2. Umri

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote kwa sababu nashinda na wanawake wazee mchana kutwa.

Stephanie Glaser alizaliwa Neuchâtel 1920. Aliigiza maisha yake yote, kabareti, redio, jukwaani, tivii, watu wa rika fulani wanamkumbuka kama Tante Elise kwenye kipindi cha Teleboy, bibi mtundu anayewazuga watu kamera ikiwa imefichwa. Filamu ya sinema ambayo yeye ndiye stelingi alipewa lini? 2006. Die Herbstzeitlosen ya Bettina Oberli. Alikuwa na miaka 86! Anacheza Martha, mjane wa kijiji cha Trub kule Emmental, mume kafa, duka limedoda, na yeye anaamua kuifufua ndoto yake ya ujanani ya kushona na kuuza nguo za ndani za wanawake, zenye lesi, kijijini humo, wakati mwanawe wa kumzaa ni mchungaji na analitaka duka kwa ajili ya kikundi cha Biblia. Nchi nzima ikaenda kuiangalia, ikawa moja ya filamu za Uswisi zilizojaza watu kuliko zote, na tamasha la filamu la Locarno mwaka huohuo wakampa Chui, tuzo yao ya heshima, kwa kazi ya maisha yake. Januari 2011 akafariki.

Sasa nauliza kwa heshima zote. Miaka hamsini na kitu mlikuwa wapi? Aliyekuwa na uwezo wa kuibeba filamu nzima akiwa na miaka 86, akiwa na 50 alikuwa hawezi? Akiwa na 60? Watazamaji walikuwepo, wameonekana wenyewe walipopewa nafasi, walipanga foleni. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika na mtu wa kusaini.

Tuliiweka hiyo filamu sebuleni kazini Jumapili moja mchana. Kuna bibi mmoja ana miaka tisini na ushei, siku hizi haongei sana, hata jina langu linamtoka. Ilipofika pale Martha anaishika lesi kwa vidole vile vilivyojaa mishipa, yule bibi akashika kona ya blanketi lake akaanza kuisugua kwa kidole gumba, taratibu, anapima uzito wa kitambaa. Nikamuuliza mwanawe alipokuja kumtembelea, akaniambia mama alikuwa fundi cherehani miaka arobaini, hatujamuona akifanya hivyo muda mrefu. Filamu moja ndiyo ilimfikia. Na filamu za namna hiyo, ambazo mwanamke mzee ana tamaa zake, ana hasira zake, ana mpango wake, mnatupa moja halafu tunakaa miaka. Rosie ya 2013 ilikuwepo, Sibylle Brunner akicheza mama mzee anayegoma kupelekwa nyumba ya wazee, na alicheza mpaka mimi ninayefanya kazi humo nikajirudi kidogo namna ninavyowasemesha watu. Nyingine nitajieni nyie.

Halafu kuna Anne-Marie Blanc, huyu siwezi kumpita. Mzaliwa wa Vevey 1919, mtu wa Kifaransa akaenda kuigiza Zürich, na 1941 katikati ya vita akaigiza Gilberte de Courgenay, yule binti wa hoteli kule Jura aliyepokea askari mpakani wakati wa vita ya kwanza. Nchi imezungukwa pande zote, wanaume wako mpakani, na sura mliyoitumia kuwapa moyo ilikuwa ya mwanamke huyu. Akawa Gilberte wa taifa zima. Na taifa hilohilo lilimpa haki ya kupiga kura ya shirikisho lini? 7 Februari 1971, wanaume walipokubali, yeye ana miaka 51. Miaka thelathini amekuwa sura ya nchi bila kura. Alifariki 2009, aliigiza mpaka uzeeni, na bado kila mahali jina lake lilitajwa na filamu ya alipokuwa na miaka 21. Die göttliche Ordnung ya 2017 imeisimulia vizuri habari hiyo ya kura, na Marie Leuenberger alichukua tuzo ya muigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Tribeca, New York. Tena New York. Mnaona ninachosema?

3. Mikataba mifupi, uzazi na pensheni

Hapa sitapamba, ni hesabu tu. Muigizaji anafanya kazi kwa mikataba ya wiki, ya mwezi, ya miezi miwili. Sheria ya pensheni ya kazini, ile mnayoita nguzo ya pili, kwa kawaida haimlazimishi mwajiri kumuwekea mtu mwenye mkataba usiozidi miezi mitatu, na hata mkataba ukiwa mrefu lazima kipato kwa mwajiri huyo kifikie kiwango fulani kwa mwaka, 2025 kilikuwa faranga 22,680. Mtu mwenye waajiri watano wadogo wadogo anaweza kufanya kazi mwaka mzima na pensheni isijae. Najua upo mfuko wa pensheni wa watu wa filamu na kuna kanuni maalum zimewekwa kwa ajili ya kazi za namna hii, hilo nalitambua na nalishukuru. Najua pia kwenye bima ya kukosa kazi zile siku 60 za mwanzo za mkataba zinahesabiwa mara mbili kwa waigizaji. Lakini kwa kawaida inatakiwa miezi 12 ndani ya miaka miwili, na muigizaji mwenye mtoto mdogo anaipata wapi?

Na uzazi wenyewe. Uswisi imepata bima ya uzazi ya taifa 1 Julai 2005, wiki 14, asilimia 80 ya mshahara. 2005, waheshimiwa, nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Maana yake Maria Schell, Pulver, Keller, Andress, wote hao walizaa kabla haijawepo. Na hiyo iliyopo inataka mama awe ndani ya bima ya uzee ya taifa (AHV) miezi tisa kabla ya kujifungua, ndani yake awe amefanya kazi angalau miezi mitano, na siku ya kujifungua awe bado ana ajira au anastahili malipo ya kukosa kazi. Sasa niambieni ni muongozaji gani anampa mkataba mwanamke mwenye mimba ya miezi minane ili siku ya kujifungua awe na ajira, wakati hadithi yenyewe haina mjamzito ndani yake.

Halafu 25 Septemba 2022 kura ikapita, asilimia 50.5, wanawake wafanye kazi mpaka 65 badala ya 64. Sawa, wengi wape. Ila muigizaji anayeanza kukosa simu akiwa na 45, hiyo miaka 20 mpaka 65 anaishije? Anafundisha, anasoma matangazo ya redio, anauza duka la mtu. Maria Schell mwenyewe, na tuzo zake zote, mwisho wake alijifungia nyumbani kwake milimani Carinthia, afya imeondoka na madeni yamemkaba, na kaka yake Maximilian akatengeneza filamu juu yake 2002, Meine Schwester Maria. Humo tunamuona kitandani anaangalia filamu zake za zamani kwenye tivii. Sijawahi kuimaliza mara moja, huwa nasimamisha nakwenda jikoni kwanza.

4. Filamu zao hazifiki kwa watu

Hili ndilo lililonianzishia safari. Nyumba ya kuhifadhi filamu mnayo, ya Lausanne ipo tangu 1948, na inahifadhi vizuri nasikia. Play Suisse, jukwaa la kuangalia filamu mtandaoni, ipo tangu Novemba 2020 na inaweka maandishi ya Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, hongereni, ni kazi nzuri na naitumia. Ila kuangalia peke yako kwenye simu na kuonyesha ukumbini kwa watu arobaini ni vitu viwili, hicho cha pili kinataka kibali, kibali kinataka ujue mwenye haki ni nani, na filamu za 1940 na 1950 wenye haki wameshabadilika mara chungu nzima. Kikundi cha wanawake wenye chai na maandazi kwenye ukumbi wa kuazima hawana mwanasheria. Wanachohitaji ni namba moja ya simu yenye mtu anayejibu. Tulitaka filamu ya Anne-Marie Blanc, tukaishia kuangalia vipande vya dakika mbili mbili.

5. Mabinti zetu

Binti yangu kazaliwa Biel, Kijerumani cha mtaani na Kifaransa vyote anaongea kuliko majirani. Alienda kwenye usaili wa filamu fupi akapewa sehemu ya mkimbizi, na alipoanza kusoma wakamwambia akivunjevunje Kijerumani chake, kimekuwa kizuri mno. Alirudi nyumbani hakusema kitu mpaka usiku.

Nataka mjue tunaangalia na tunaelewa. 2016 Milo Rau, muongozaji mtu wa Bern, alitengeneza mchezo pale Schaubühne Berlin, Mitleid. Die Geschichte des Maschinengewehrs. Ursina Lardi anasimama katikati, anacheza mzungu aliyekuwa kazi ya misaada kwenye maeneo ya Kongo, anaongea na kuongea na kuongea, na anaigiza vizuri ajabu. Pembeni amekaa Consolate Sipérius, mzaliwa wa Burundi aliyenusurika mauaji akiwa mtoto na kulelewa Ubelgiji, yeye maneno yake ni mwanzoni na mwishoni. Rau aliipanga makusudi, aliyeona mambo kwa macho yake akae pembeni ili watazamaji wajione walivyo. Sawa, tumemuelewa. Ila mchezo ukiisha taa zikawaka, kwenye filamu na tamthilia zenu za kawaida, mpangilio ni uleule na hapo hakuna aliyekusudia kumfunza mtu. Mwenzetu wa Bukavu alipoelezwa mchezo huo aliuliza swali moja tu, kwa nini yule dada hakupewa mchezo wake. Mimi sikuwa na jibu, nawaletea nyie.

Souheila Yacoub wa Geneva, baba Mtunisia, zamani alikuwa kwenye jimnastiki, leo yuko Dune: Part Two ya 2024. Alisomea uigizaji Paris, akapandia Paris. Turudi jambo la kwanza.

Najua mtajibu nini

Mtasema nchi ni ndogo. Ina watu kama milioni tisa. Denmark ina kama milioni sita na waigizaji wake wanapata kazi kwao kwanza ndipo dunia inawafuata.

Mtasema lugha nne, soko limekatika vipande, wa Zürich wanaangalia vya Ujerumani, wa Geneva vya Ufaransa, wa Lugano vya Italia. Hili nalikubali kwa sehemu, ni kweli ni kazi ngumu, Denmark hawana tatizo hilo. Lakini Blanc wa Vevey aliigiza Zürich 1941 na nchi nzima ikampenda, kwa hiyo lugha siyo ukuta mnaouchora. Na wa nje nao hawajui kipi ni chenu, 1994 filamu ya Rouge ilichezwa Geneva na Irène Jacob aliyekulia Geneva, Uswisi ikaipeleka Oscar na Wamarekani wakaikataa wakisema siyo ya Uswisi vya kutosha. Mlikuwa sahihi kuipeleka! Ujasiri ule wa kusema huyu ni wetu urudi, na uanze kabla ya tuzo.

Mtasema hela. 15 Mei 2022 wananchi walipiga kura na asilimia 58 wakakubali sheria ya filamu, tangu 1 Januari 2024 Netflix na wenzake wanatakiwa kutia asilimia 4 ya mapato yao ya hapa kwenye utengenezaji wa filamu za Uswisi, wasipotia walipe tozo. Wananchi wameshafanya sehemu yao. Hizo hela zinaenda kwenye hadithi za nani?

Na mtasema waigizaji wenyewe hawalalamiki. Watalalamika kwa nani, waongozaji ni wachache, watayarishaji ni walewale, kamati za kutoa hela watu wanajuana. Anayelalamika leo kesho hapigiwi. Mimi sitegemei simu ya mtu, ndiyo maana nasema.

Tunachoomba

Tunaomba kila mwaka mtangaze hadharani, kwa filamu na tamthilia zote zilizopata hela ya umma, ni wahusika wakuu wangapi walikuwa wanawake, na kati yao wangapi walikuwa wamevuka miaka 50 na wangapi 65. Takwimu tu, hamna gharama ya kutisha, fomu za maombi mnazo tayari, ongezeni mstari mmoja.

Tunaomba sharti la kuwa na ajira siku ya kujifungua lilegezwe kwa wenye kazi za mikataba mifupi, na waigizaji wasiishie kuambiwa wajiandikishe hawana kazi wakiwa na mimba ya miezi tisa. Na mtayarishaji yeyote anayepokea hela ya umma awajibike kuweka pensheni tangu siku ya kwanza ya kazi, hata mkataba ukiwa wa siku tatu.

Tunaomba dirisha moja, mtu mmoja mwenye jina, wa kushughulikia vikundi vidogo vinavyotaka kuonyesha filamu za zamani za Uswisi, kwa bei ambayo kikundi cha kina mama kinaiweza, na maandishi ya Kifaransa na Kiitaliano chini. Muanze na Gilberte de Courgenay na Steibruch. Maandishi ya Kiswahili tutatengeneza wenyewe bila malipo, tunao watu.

Tunaomba pia usaili uwe wa haki. Binti anayeongea lugha yenu aruhusiwe kuiongea hivyohivyo anavyoiongea, na apewe na sehemu ya daktari, ya mwalimu, ya msichana aliyeachwa na mchumba, sehemu yoyote ile.

Liselotte Pulver alizaliwa Bern 1929 na jina lake kila mzee ninayemhudumia analijua. Kizazi chake kinaondoka, na wapo wadogo zake wengi ambao hawajawahi kuwa na jina kubwa, wamekaa kwenye vyumba vya nyumba za wazee nchi nzima na picha zao za jukwaani ukutani. Watumeni watu wawarekodi wakisimulia mwaka huu, kabla hamjaanza kutafuta fungu la bajeti ya mwaka ujao.

Naomba jibu la maandishi, kwa lugha yoyote kati ya nne zenu, lenye saini ya mtu na siyo la mashine. Likija nitalitafsiri na kuliweka hadharani lote bila kukata neno. Mkinyamaza pia nitasema mmenyamaza.

Wenu katika ujenzi wa sanaa,

Mama wa Kitanga, mhudumu wa wazee,
kwa niaba ya kikundi cha wanawake wa Kiswahili, Biel

Nakala: wabunge wa kantoni ya Bern, na wote watakaoisoma